Viungo vya Njia ya Lupango: Vitengenezwe Mbele ya Mvua



Mwezi huu tuseme juu ya kitu kilicho chini ya miguu yetu kila siku: njia ya lupango. Ni ile njia inayotoka kwenye mlango wa nyumba mpaka barabarani, ao inayokwenda jikoni, kwenye robine na kwenye choo. Hapa Kasumbalesa jamaa nyingi zimejikaza kutandika njia ya namna hii, kwa sababu udongo wetu mwekundu hauna huruma wakati wa masika. Wengine wametandika dale, ni kusema mawe mapana ya simenti. Wengine wametandika pave ndogo. Wengine tena wametandika mabriki ya kuchoma.

Kutandika njia ni kazi inayoonekana, na wageni wanaisifu. Kuilinda ni kazi isiyoonekana, ndiyo maana inasahauliwa. Miaka inapita, nafasi kati ya dale na dale zinabaki wazi, majani yanaota ndani yake, na dale moja inaanza kucheza. Halafu siku moja mama anatoka kwenye robine na bidoni kichwani, anakanyaga ile dale, nayo inainuka upande mmoja. Ni jamaa gani kwetu haina mama, tantine ao kambo aliyeumia kwa kuanguka katika lupango yake mwenyewe? Mtu mzee akivunjika paja, jamaa yote imevunjika: kuna franga za hospitali, kuna mtoto wa kike anayeacha masomo ili amwangalie.

Neno letu la mwezi huu ni moja. Mara nyingi njia haianzi kuharibika kwa mawe, inaanza kuharibika kwa viungo. Tena kiungo hakiombi simenti mingi. Kinaomba kazi nzuri, kwa wakati wake.

Kiungo kinafanya kazi gani?

Ile nafasi kati ya dale na dale, hapa tutaiita kiungo. Iko sawa na viungo vya mwili. Mfupa unaweza kuwa mzima kabisa, lakini goti likiuma mtu hatembei.

Chini ya dale kuna kitanda cha mchanga ao cha udongo uliopigwa. Kiungo kilichojaa kinafanya kazi mbili: kinazuia maji yasishuke kwenye kitanda, na kinashika dale isisogee. Kiungo kikifunguka, maji yanaingia. Maji yakiingia, yanabeba mchanga kidogo kidogo, na chini ya dale kunabaki shimo. Sasa dale haina pa kuegemea. Mtu akiikanyaga, inacheza. Ikicheza, inavunja viungo vya majirani zake, na maji yanapata milango mipya. Ndivyo ufa wa kidole kimoja unavyoharibu njia nzima katika masika mawili ao matatu. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tufanye hesabu. Katika eneo letu la Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja ni karibu milimetre 1.200, na karibu yote inanyesha kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4. Milimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litri moja ya maji. Basi njia yenye urefu wa metre 10 na upana wa metre 1 inapokea litri 12.000 kwa mwaka, sawa na mapipa 60 ya litri 200. Na hapo hatujahesabu maji ya bati yanayomwagika juu yake kwa nyumba isiyo na mfereji. Maji yote hayo yanatafuta mlango. Je, tutayafungulia?

Kupima njia mbele ya kuanza

Usinunue kitu kwanza. Tembea juu ya njia yako na uangalie.

Kanyaga kila dale kwenye pembe zake nne. Ile inayocheza, itie alama ya makala. Kisha piga dale kwa mpini wa nyundo. Ile inayotoa sauti ya ngoma, chini yake kuna shimo. Dale za namna hiyo zitolewe, kitanda kijazwe mchanga na kupigwa vizuri, kisha zirudishwe. Mtu anayejaza viungo kuzunguka dale inayocheza anatupa franga zake. Mwezi mmoja tu, kila kitu kitapasuka tena.

Angalia pia maji yanakimbilia wapi. Njia inapaswa kuinama kidogo, santimetre 1 mpaka 2 kwa kila metre, na kuinama kwake kuelekee upande wa mbali na ukuta wa nyumba. Kama njia inapeleka maji kwenye msingi, jambo la kwanza ni kurekebisha hilo. Kiungo kizuri juu ya mwinamo mbaya kitaleta maji mengi zaidi ukutani.

Kila njia na dawa yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, juu wanafikiri simenti ni dawa ya kila kitu.

Pave ndogo zenye viungo vyembamba, vya milimetre 2 mpaka 5, hazitaki simenti. Zilitengenezwa zisogee kidogo chini ya uzito, kwa mfano mahali gari inapoingia. Dawa yake ni mchanga mwembamba uliokauka. Umwage juu, uusukume kwa ufagio mpaka viungo vijae, ongeza tena baada ya mvua za kwanza. Ukipaka simenti juu ya mchanga huo, itakuwa ganda tu, na ganda linabanduka.

Dale pana zenye viungo vya santimetre 1 hivi zinataka mchanganyiko wa simenti na mchanga: kipimo 1 cha simenti kwa vipimo 4 vya mchanga.

Mabriki ya kuchoma ni jambo lingine. Kwetu mabriki mengi yanatoka kwenye udongo wa vichuguu, vile vilima vikubwa vya mchwa tunavyoviona kila mahali Katanga. Udongo ule ni mzuri, lakini tanuru zetu hazichomi sawasawa: mabriki yaliyokuwa karibu na moto yanakuwa magumu, yale ya upande wa inje yanabaki laini. Kwa njia, chagua magumu. Gonga mawili pamoja: yakilia sauti ya wazi ni mazuri, yakilia bubu yapeleke penye hayatapata maji.

Hata briki gumu la namna hii ni laini kuliko simenti. Na hapo kuna kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Tusikilize mama na fundi wanaozungumza kwenye lupango:

– Papa fundi, utie simenti mingi, ikamate nguvu!

– Hapana, mama. Kama simenti inapita nguvu ya briki, njo briki itapasuka.

– Lakini niko na franga ya kulipa.

– Njo vile, mama, lakini franga haiwezi kuponya briki.

Fundi huyu anasema kweli. Njia inapata jua, inapanuka; inapata baridi ya usiku wa mwezi wa 6, inajikunja. Lazima kitu kimoja kikubali kuachilia. Kama kiungo ni laini kuliko briki, ni kiungo kitakachopasuka, na kukijaza tena ni kazi ya asubuhi moja. Kama kiungo ni kigumu kuliko briki, briki litavunjika kingo, na maji yaliyofungiwa ndani hayataweza kutoka isipokuwa kwa kupitia briki lenyewe na kulimenya. Kiungo ni mtumishi: kinaharibika ili mawe yapone.

Wafundi wa mbali nao walijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tangu mwaka wa 2000 umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadaye watu walizitengeneza kwa simenti wakifikiri wanazipa nguvu. Simenti ilifungia maji ndani ya ukuta, na kuta zikaendelea kuoza nyuma ya ganda zuri. Wale wanaozirudishia uzima wake leo wanarudi kwenye chokaa.

Kwetu chokaa si kitu kigeni. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, yanajulikana tangu zamani, na viwanda vya shaba na kobalti vinatumia chokaa kila siku. Kwa njia ya mabriki changanya kipimo 1 cha simenti, kipimo 1 cha chokaa iliyokwisha kuzimwa, na vipimo 6 vya mchanga. Kama chokaa haipatikani, jaza mchanga mtupu na uwe tayari kuongeza kila mwaka. Ni afadhali kuliko simenti kali.

Vitu vya kununua

Simenti. Nyingi ya ile tunayotumia hapa inapita mpaka kutoka Zambia, ambako kuna viwanda vya Chilanga na vya Ndola. Sisi wa Kasumbalesa tunajua malori yanavyongoja siku nyingi kwenye mpaka, hata wakati wa mvua. Kwa hiyo ukubali kufungua mfuko mbele ya kulipa. Donge linalovunjika kati ya vidole halina shida. Donge gumu sawa jiwe, simenti hiyo imekufa; usiinunue hata kwa bei ya kuanguka.

Mchanga. Uwe wa mtoni, uliosafishwa na kuchekechwa. Weka kidogo ndani ya chupa ya maji, utikise, ngojea saa moja: kama juu ya mchanga kuna tabaka nene la udongo, uoshe tena. Na hapa tusikilizane vizuri sana: usitumie mchanga wa masalio ya migodi, ule unaomwagwa karibu na viwanda ao mahali pa kuoshea mawe ya kobalti, hata kama ni wa bure na ni mwembamba. Ndani yake mnabaki metali.

Hili si woga wa bure. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliandika kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini, hata watoto. Mwaka wa 2018 waliandika tena, juu ya mtaa wa Kasulo kule Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Mtoto anacheza chini, anatia mkono kinywani, na vumbi linaingia. Kiungo kilicho wazi ni kama kisahani cha kupokea vumbi hilo. Hatusemi kwamba kujaza viungo kutaondoa ugonjwa wa migodi. Hilo ni deni la watu wengine wenye nguvu kuliko sisi. Lakini njia iliyojaa vizuri inafagiliwa kwa urahisi. Nyunyiza maji kidogo mbele ya kufagia ili vumbi lisipande, na watoto wanawe mikono mbele ya kula.

Namna ya kufanya kazi

Wakati mzuri ni mwezi wa 5, mvua zikiisha, ao mwezi wa 8 na wa 9, mbele hazijarudi. Katika joto la mwezi wa 9 na wa 10, anza mapema asubuhi na uache jua likipanda.

Kwanza, toa kiungo cha zamani mpaka kina cha santimetre 3. Tumia patasi nyembamba ao kipande cha chuma cha beto kilichonolewa, na nyundo ndogo. Pole pole, usivunje kingo za dale. Ng'oa majani pamoja na mizizi. Mzizi uliobaki utainua kazi yako.

Pili, safisha kwa brosi, kisha nyunyiza maji. Briki kavu linakunywa maji ya mchanganyiko, na simenti isiyo na maji haishiki. Kiungo kiwe na unyevu, lakini maji yasisimame ndani yake.

Tatu, changanya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza kwa saa moja na nusu. Mchanganyiko uwe mkavu kidogo: ukiufinya mkononi unabaki donge, hautoi maji. Ukianza kukauka, usiuamshe kwa maji. Utaonekana mzima, lakini nguvu yake imekwisha.

Nne, jaza mara mbili. Sukuma tabaka la kwanza mpaka chini kwa ubao mwembamba ao chuma, kisha la pili. Usijaze mpaka kufunika kingo; simama milimetre 2 ao 3 chini ya uso wa dale. Mwisho, pitisha kipande cha tiyo juu ya kiungo ili kikazwe na kuwa laini.

Tano, ondoa yaliyomwagika kwa brosi kavu mbele hayajashika. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji, utapaka simenti juu ya dale zote.

Sita, funika kwa mifuko mitupu iliyoloweshwa na uilinde na jua kwa siku tatu angalau. Simenti haikauki tu kama nguo kwenye kamba. Inakomaa kwa kuwa na maji. Mtu asipite siku ya kwanza, na bruweti yenye mzigo ingojee siku 7.

Kuna wanaomwaga simenti kavu na mchanga ndani ya viungo, kisha wanamwaga maji juu. Ni mwepesi, lakini maji hayafiki chini, na dale zinabaki na madoa. Mvua ya kwanza inafichua kila kitu.

Onyo kwa wazazi: simenti yenye maji inachoma ngozi pole pole, bila mtu kusikia maumivu upesi. Usipige magoti juu yake. Vaa mifuko ya mikono, na ukipata kidogo jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na uende kwa munganga. Chokaa isiyozimwa ni mbaya zaidi, inachemka ikipata maji. Isiwekwe penye watoto.

Mfuko mmoja, lupango kumi

Sasa hesabu ya mwisho, ambayo itafurahisha wale wanaosema hawana uwezo.

Chukua njia yetu ya metre 10 kwa 1, yenye dale 40 za santimetre 50 kwa 50. Viungo vya ndani, ukivipanga mstari mmoja, ni metre 29. Kwa upana wa santimetre 1 na kina cha santimetre 3, vinakula karibu litri 9 tu za mchanganyiko. Ni ndoo moja ya mchanga na kama kilo 4 za simenti. Tuseme 5, juu ya ile itakayomwagika. Basi mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha lupango kumi!

Tena mfuko uliofunguliwa haukai. Unanyonya unyevu na kuwa mawe. Mtu mmoja akiununua, kilo 45 zinamfia chini ya kitanda. Majirani kumi wakichanga na kufanya kazi juma moja, kila mmoja anatoa sehemu ya kumi ya bei, na hakuna kinachotupwa.

Vijana, hapa niongee nanyi. Wengi wenu mnangojea kazi ya kampuni, ao mnakwenda kwenye mashimo ya kobalti ambamo wenzenu wamefunikwa na udongo. Nyundo ndogo, patasi, brosi na mwiko wa fundi si vitu vya bei kubwa. Anzeni na njia ya kambo anayekaa peke yake, bila kumwomba kitu. Fanyeni vizuri, na mvua ipite juu yake. Masika yakiisha na njia ikiwa imara, kazi hiyo itawatafutia kazi nyingine, juu watu wa mtaa wana macho.

Maulizo ya kuzungumzia nyumbani

1. Katika lupango yetu, ni dale gani zinazocheza? Nani anazikanyaga mara nyingi akiwa na mzigo?

2. Maji ya bati letu yanamwagika wapi? Yanapita kwa jirani gani?

3. Ni majirani gani tisa tunaoweza kuchanga nao mfuko mmoja mbele ya mwezi wa 11?

Mpaka mwezi ujao. Mkae salama, na mtembee salama.